Mkono wa Pomboo

Agosti 4

Tumepanda jangwani leo kuchimba mifupa ya kale, watatu: Daktari Zegarra wa jumba la makumbusho la Lima, Chumbiauca dereva, na mimi Nicolasa, mpishi na mkoroga plasta. Mwaka jana tulikuwa wanne. Wa nne alikuwa ndugu yangu Amador, aliyeshuka kwenye gari la Chumbiauca alasiri moja akasema anakwenda kuangalia rundo la mawe aliloacha kama alama, anarudi sasa hivi. Upepo ukainuka. Hakurudi. Walimtafuta mpaka polisi wakachoka na mbwa wao wakachoka.

Chumbiauca anasema alipiga honi mpaka betri ikafa. Mimi nasema mtu hapigi honi kumtafuta rafiki yake, anashuka. Sijamwambia usoni. Nampa chai bila sukari, na anajua kwa nini.

Mama nimemwacha kijijini na jirani yetu Domitila. Macho ya Mama yana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. Tangu Amador apotee anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Anasema mwanawe akirudi ndipo atakula, awe mzima au mifupa, kwake yote sawa.

Agosti 6

Ukungu asubuhi, upepo wa paraka mchana. Mchanga kwenye wali. Daktari amekula bila kusema neno, labda kwao Lima wanaupenda hivyo.

Agosti 9

Tumepata pomboo.

Yuko kwenye mteremko wa kilima cheupe, mdomo mrefu kama mkono wangu, meno bado yamekaa mahali pake. Daktari alilala kifudifudi mbele yake akawa anampulizia vumbi taratibu, kama anapoza uji wa mtoto. Huyu mwanamke nilikuwa namwona mkavu, hana salamu za pili. Leo alikuwa anacheka peke yake.

"Huyu amefika mbali na maji," alisema Chumbiauca.

"Hakwenda popote," Daktari akamjibu. "Maji ndiyo yaliyomwacha."

Mifupa si kitu kigeni kwangu. Nyumbani tulikalia pingili za nyangumi badala ya viti, na mbuzi wetu alifungwa kwenye ubavu wa nyangumi. Lakini ile ni mifupa iliyotawanyika, huwezi kujua ilikuwa ya nani. Huyu amelala ubavu, mzima, kichwa kimegeuka kidogo kama aliyesikia akiitwa. Sikumpenda.

Agosti 11

Nimeshuka kwa Mama.

"Mmempata?"

"Bado, Mama."

"Basi ondoa sahani."

Agosti 17

Kuna mlio. Unakuja ukungu unapoinuka na jua kupiga mwamba: tak, tak-tak, kisha kimya, kisha tak. Unatoka kilimani, upande alipo pomboo. Daktari anasema ni mwamba mweupe unaopasuka kidogo kidogo ukipata joto baada ya unyevu. Ninamwamini. Ila mlio wa mwamba ungekuja ovyo ovyo. Huu unagonga, halafu unanyamaza kwa muda, kama mtu anayenyamaza kusubiri ajibiwe.

Nimeosha sufuria kwa kelele nyingi.

Agosti 24

Nyumbani. Nimemkuta Mama ameinama mezani, taya limelazwa juu ya ubao, macho wazi.

"Mama, umelala?"

"Nyamaza, anagonga."

"Nani?"

"Utauliza nani! Masikio yangu yamezeeka, Nico. Taya linasikia zaidi."

Nikalaza na mimi taya langu mezani. Sikusikia chochote isipokuwa moyo wangu mwenyewe. Domitila anasema Mama amekuwa hivyo wiki nzima, na kila akigongewa anagonga na yeye, kwa kidole.

Agosti 26

Leo nimeogopa kweli.

Daktari alikuwa anasafisha kimfupa cha sikio la pomboo, kidogo, ukikipokea kiganjani hukisikii. Nilikuwa napakua maharagwe ya pallar. Akaanza kueleza kwa furaha, maana siku hizi ananiongelesha. Alisema wanyama hawa wa ukoo wa nyangumi wenye meno wanaona kwa sauti. Pua yao ilihama miaka na miaka mpaka ikafika utosini, fuvu likapinda upande wa kushoto, yote kwa ajili ya kupiga mlio. Wanapiga, wanasikiliza kinachorudi, na kwenye giza la chini wanajua mbele kuna nini: samaki, mwamba, au mtoto wao.

"Na masikio?" nikauliza. "Sijaona tundu."

"Yamezibika zamani. Wanasikia kwa taya."

Upawa ukanitoka mkononi. Daktari akadhani nimeungua, akanitafutia maji. Chumbiauca ndiye aliyenitazama, tena kwa muda. Anajua habari za Mama, Domitila hana siri.

"Kwa taya?" akauliza yeye.

"Kwa taya la chini. Mfupa wake mwembamba, ndani kuna mafuta, sauti inapita humo."

Hakuna aliyemaliza maharagwe yake ila Daktari.

Septemba 3

Upepo siku ya tatu. Hatutoki hemani.

Septemba 4

Upepo.

Septemba 12

Paraka imetufanyia kazi, imefagia ubavu wote wa pomboo. Sasa ana mkono.

Nilidhani nitaona pezi. Kuna mfupa wa bega, mfupa mnene wa mkono wa juu, miwili ya chini yake, kisha vijiwe vya kifundo, kisha vidole. Vidole kabisa, pingili kwa pingili, vimetulia kwenye mchanga kama vya mtu aliyeshika shuka.

"Mababu zao walitembea kwa miguu minne ufukweni," Daktari alisema. "Wakaingia majini kidogo kidogo. Bahari ikawavisha pezi kwa nje. Ndani mkono ukabaki. Wana damu ya moto, wananyonyesha. Ni wenzetu, Nico."

"Usiseme wenzetu," Chumbiauca akasema, akajifanyia ishara ya msalaba. "Anasikia huyo."

Daktari alicheka. Mimi nilifunika ule mkono kwa gunia. Nilisema ni kwa ajili ya upepo.

Septemba 28

Mama ameanguka jikoni. Muuguzi wa zahanati amempima kila kitu.

"Mama yako hana ugonjwa," ameniambia mlangoni. "Ana kungoja. Asipokula, mwaka hauishi naye."

Nimempikia karapulka, viazi vikavu na karanga na nyama ya nguruwe, aliyokuwa akiipigania na Amador mpaka wagombane. Ameinusa, akauliza kama Amador yuko tayari kuletwa. Nikasema bado. Akageukia ukutani.

Oktoba 5

Inanipasa kuyaandika haya yote, la sivyo sitalala.

Mchana Daktari alipanda juu kupima kilima. Nilikuwa nakoroga plasta, Chumbiauca anakata magunia vipande vya kuchovya. Hatujawahi kukaa hivyo mimi na yeye tangu mwaka jana, ingawa ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu.

"Nico, nina wazo. Ukitaka unitukane, nitukane nikimaliza."

"Nitaanza sasa nipunguze kazi."

"Mama anataka mifupa. Mifupa ipo."

Nilimwangalia mpaka akainamisha macho. Nikamwambia yeye ndiye wa mwisho mwenye haki ya kutaja mifupa ya Amador. Nikamwambia yote niliyoyakalia mwaka mzima: honi, betri, kiti chake cha gari alichokalia huku ndugu yangu anapotea. Nilipiga kelele. Plasta ikaganda kwenye beseni.

"Nilishuka," akasema.

"Hukusema hivyo polisi."

"Nilishuka, Nico. Nilifunga kamba kiunoni, upande mwingine kwenye bampa. Sikuona hata mkono wangu. Nilikwenda naita mpaka kamba ikaisha. Nikasimama pale mwisho wa kamba. Kitu nikakisikia mbele, hatua chache, sijui ni yeye, sijui ni jiwe. Ningefungua fundo ningefika." Akajifuta pua kwa mkono wenye plasta. "Sikulifungua. Sasa hilo ningewaambia polisi nini? Honi ni rahisi kusema."

Nilitaka kuendelea kumchukia, nikakuta hakuna cha kushikia. Na mimi nisingelifungua lile fundo. Nina mtoto, na yeye ana watoto.

"Mkono mmoja tu wa pomboo," akasema baadaye. "Mama macho hana. Atashika, atalia, tutazika, atakula."

Nilisema hapana. Nilisema kwa sauti ndogo mno.

Oktoba 11

Mama hajanyanyuka. Nilipomgeuza kitandani nilimbeba kwa mkono mmoja.

Oktoba 19

Daktari ameshuka mjini Ica kuchukua plasta zaidi. Kichwa cha pomboo na mkono wake wa kushoto vimeshafungwa kwa magunia ya plasta. Tumetoa mkono wa kuume, Chumbiauca kwa patasi, mimi kwa brashi. Mlio wa kilimani ulikuwapo tulipoanza. Tulipomaliza haukuwapo, wala haujarudi mpaka naandika hivi.

Oktoba 25

Tumemzika Amador. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo kijiji kizima kinavyosema.

Asubuhi tulimwambia Mama amepatikana, sehemu tu, nyingine upepo umechukua. Hakulia. Alisema, "Nileteeni beseni na pisko." Huku kwetu maiti huoshwa na wa nyumbani, nami hilo nililisahau kwa hofu yangu. Nilidhani atagusa sanduku abusu kifuniko, basi. Lakini aliketi kitandani, akakunja mikono ya gauni, akasema alimwosha alipozaliwa na atamwosha leo.

Tukampa. Harufu ya pisko, pombe yetu kali ya zabibu, ilijaa chumba. Alianza na mfupa wa juu, akaupapasa.

"Mfupi."

"Jua, Mama Hermelinda," Chumbiauca akadakia. "Jua la kule linakausha mtu."

Nilitamani kumpiga teke. Mama akaendelea. Alivipanga vidole mapajani, pingili moja moja, akavikuta ni vingi kuliko alivyovijua, akavipanga tena. Pingili mbili zikagongana mkononi mwake. Tak.

Akaacha kuosha. Akazigonga tena, kwa kusudi. Akaupima ule mfupa mkubwa kwenye kiganja, juu, chini, juu.

"Hili ni jiwe," akasema.

Domitila alikuwa mlangoni na mishumaa.

"Nico. Mfupa wa mtu unachukua muda gani kugeuka jiwe?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Muda mrefu, Mama," nikasema, na katika siku nzima hilo ndilo neno la kweli pekee lililonitoka.

"Mrefu kiasi gani?"

"Mrefu sana."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata hesabu iliyokuwa ikimsumbua. Uso wake ukalainika. Nilidhani ndiyo nafuu tuliyoitafuta, nikamwangalia Chumbiauca kwa shukrani. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

"Kumbe," Mama akasema. "Nyie watoto mliniambia mwaka mmoja."

Tulizika alasiri, kwenye mchanga wa makaburi, kijiji kizima kikilia. Mama hakulia, wala hakumwitikia mtu aliyempa pole. Nilipomletea sahani jioni aliisukuma kwa adabu, kama mgeni aliyekwisha kula kwao.

"Wafu hawali, mwanangu. Mpe aliye hai."

Oktoba 26

Amegawa blanketi lake. Anakunywa maji tu. Anasema wafu wana kiu, hilo linajulikana.

Oktoba 27

Nilikuwa namchana nywele. Akanishika mkono, akauminyaminya, akauliza kwa upole:

"Na wewe, Nico, tulikuzika lini?"

Oktoba 28

Nimekata shauri kumwambia kweli. Nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Yule si Amador. Ni pomboo."

"Nini?"

"Pomboo, Mama. Mkono wa pomboo. Tuliuchimba kilimani."

Alicheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. "Pomboo jangwani! Tena mwenye vidole!" Akanipapasa shavu. "Usijisumbue kunificha kwamba tulikufa zamani. Sina uchungu. Niliona ajabu tu kwamba mwaka mmoja unachosha namna ile."

Oktoba 30

Daktari amerudi kutoka Ica, na Chumbiauca ndiye aliyekwenda kumwambia, mwenyewe, kabla hajafunua gunia na kukuta mkono mmoja haupo. Nilitegemea Daktari aje na polisi. Amekuja na kofia mkononi.

"Nipeleke kwa mama yako," amesema. "Labda atanisikia mimi."

Akakaa kitandani. Alisema taratibu, kwa heshima, wala hakumfanya Mama mtoto. Akamweleza kwamba huyo ni mnyama kweli, kwamba mababu zake walitembea nchi kavu wakaingia baharini, kwamba mkono ulibaki ndani ya pezi, kwamba hapa tulipo, hapa Ocucaje, chini ya kitanda hiki, palikuwa na bahari, na nyangumi walipita juu ya mapaa yetu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akanigeukia mimi.

"Unasikia, Nico? Hata bahari imeondoka." Akavuta pumzi. "Nimekaa sana."

Daktari alitoka nje akasimama ukutani. Nilimfuata, nikamwona analia bila sauti, mkono kinywani. Mwanamke niliyemwita mkavu!

"Nimeharibu zaidi," alisema.

"Tulianza sisi."

"Ule wa kushoto ninao. Huu wa kuume nitaandika ulichukuliwa na upepo. Uacheni ulipo." Akapiga hatua, akarudi. "Nico, mlazimisheni ale. Hata kwa kijiko."

Nimejaribu na kijiko. Amefumba meno. Hana hasira, amefumba tu.

Oktoba 31

Muuguzi anasema siku chache.

Chumbiauca amekaa jikoni kwangu tangu asubuhi. Nimemwekea chai. Akawa anaikoroga tu, halafu akaacha.

"Anasema wafu hawali?"

"Ndivyo anavyosema."

"Uongo huo. Tarehe mbili, siku ya Marehemu, wanapikiwa na nani? Mamangu mimi kila mwaka tunamtandikia meza, na chapana zake za muhogo na mvinyo, na asubuhi tunakuta utamu umetoka kwenye chakula. Wanakula kuliko sisi!"

Nilimtazama, yeye akanitazama. Alitaka kunichekesha tu. Kisha akaiweka chai chini.

Novemba 2

Leo ni siku ya Marehemu. Nimetandika meza kubwa: kitambaa cheupe, maua, mishumaa, karapulka, maharagwe ya pallar, chapana za muhogo zilizofungwa majani, bilauri ya pisko. Picha ya marehemu baba, picha ya Amador. Nikasita, nikaweka na picha ya Mama, ile ya harusi.

Kisha nikafungua mlango wa chumba chake na kusema kama tunavyosema makaburini: "Hermelinda Uchuya, karibu. Ni vyako."

Kitanda kikalia. Akatoka akishika ukuta, gauni limemning'inia, akafika kwenye kiti. Alipapasa meza nzima kwanza. Alipofika kwenye kioo cha picha yake akapitisha kidole pembeni, akaridhika. Akavuta sahani.

Amekula. Amekula karapulka yote, amechovya mkate, amelamba vidole, akaomba chumvi. Chumbiauca alikuwa dirishani amejiziba mdomo kwa kofia. Mimi nilisimama nyuma ya kiti nikilia kwa furaha na kwa woga, sijui kipi kilikuwa kikubwa.

"Nico, sogea," Mama akasema huku anatafuna. "Ndugu yako hana pa kukaa."

Nilisogea. Mwali wa mshumaa wa upande ule uliinama, na mlango ulikuwa umefungwa.

Novemba 3

Sikukuu imepita, kila nyumba imekunja kitambaa chake. Mimi nimetandika tena. Nimewasha mishumaa, nimempigia Mama hodi kwa jina lake lote.

Amekuja haraka kuliko jana, shavu lina rangi. Alikula vijiko kadhaa, akaacha, akanigeuzia uso.

"Mbona wewe huli?"

"Nimeshiba, Mama."

"Nimekuita mezani, unasimama." Akapapasa mpaka akanipata, akanikalisha kando yake, upande wa picha, akanisukumia sahani. Mkono wake ulikuwa na joto. "Kula, mwanangu. Wageni wote huona aibu siku za mwanzo."

Nikala.